Kuunda Kompyuta ya Mezani kwa Bajeti Ndogo: Kipi Kiwe cha Mtumba, Kipi Kiwe Kipya

Anayeingia Kariakoo na fedha ya kununulia kompyuta ya mezani huonyeshwa kwanza safu za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizostaafu katika ofisi za ng'ambo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika barua, kupiga hesabu na kutumia intaneti, ushauri wangu ni kwamba achukue mojawapo, aiwekee SSD mpya (diski ya kuhifadhia isiyo na sehemu inayozunguka) na aishie hapo, kwa kuwa ni vigumu kuunda mashine itakayomgharimu kidogo kuliko hiyo. Taabu ya mashine hizo huonekana siku unapotaka kuikuza au siku kipuri kinapoungua: nyingi zina pawasaplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme) yenye plagi ya muundo wa kampuni hiyo peke yake, ubao mama wake (ule unaobeba vipuri vingine) haufungiki katika kasha la kawaida, na modeli zile nyembamba hazipokei kadi ya picha ya urefu wa kawaida. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka mashine ya kuhariri picha na video, kuchora ramani za nyumba au kucheza michezo ya kiasi, na anayetaka iundwe kwa vipuri vya vipimo vya kawaida ili kila kimoja kiweze kubadilishwa kivyake miaka ijayo.

Kanuni ninayoifuata katika kununua ni kwamba kinachochakaa nakinunua kipya, na kisichochakaa nakinunua cha mtumba. Prosesa (ubongo wa mashine) na RAM (kumbukumbu yake ya muda) hazina sehemu inayosogea wala inayokauka, na zikifanya kazi vizuri leo juu ya meza ya muuzaji, kwa kawaida zitaendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Pawasaplai, kwa upande mwingine, ina kapasita (vikopo vidogo vinavyotunza umeme) zinazokauka kwa joto. SSD ina kiasi maalumu cha data inayoweza kuandikwa kabla haijachoka. Feni ina beringi. Pesti ya prosesa, inayopitisha joto kwenda kwenye feni, hugeuka unga. Hivyo vyote vinunuliwe vipya hata kama bei inauma. Ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, umesimama katikati: unaweza kuununua wa mtumba, lakini ndio unaohitaji kukaguliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote, na nitaurudia.

Hatua ya kwanza: prosesa

Prosesa ichaguliwe kwanza, kwa maana yenyewe huamua ubao mama, na ubao mama huamua RAM. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 kwa ujumla inakubali rasmi prosesa kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia. Core i5-8400 na i5-8500, ambazo hupatikana kwa wingi kwa sababu hung'olewa kwenye mashine za ofisini zilizoharibika, zina viini sita, zina uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya ziada, na zimekadiriwa kutumia wati 65 tu. Katika namba zenye tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi. Muuzaji anayekuambia "hii ni i7" bila kukuonyesha namba hajakuambia kitu, kwa kuwa i7-3770 ya mwaka 2012 inashindwa waziwazi na i5-8400. Angalia pia herufi ya mwisho: prosesa yenye F, kama i5-9400F, haina picha za ndani, na bila kadi ya picha utawasha kompyuta na kutazama kioo cheusi.

Hapa pana mtego uliowapata wengi. Soketi (kitako cha prosesa kwenye ubao) iitwayo LGA1151 ilitumika kwa kizazi cha sita na cha saba, kisha ikatumika tena, kwa umbo lilelile, kwa kizazi cha nane na cha tisa, ilhali mpangilio wa umeme umebadilika. Ubao wenye chipu (kipande kinachousimamia) ya H110, B150 au B250 ni wa vizazi vya sita na saba. Wenye H310, B360 au B365 ni wa vizazi vya nane na tisa. Ukizichanganya, prosesa itaingia vizuri kabisa, mfuniko utafungika, na mashine haitawaka. Jina la chipu huwa limeandikwa kwenye ubao wenyewe kama sehemu ya jina la modeli, kwa hiyo lisome kwa macho yako badala ya kuuliza.

Anayependelea AMD atafute ubao wa soketi ya AM4, kwa mfano wenye chipu ya B450, ambao unapokea prosesa za vizazi kadhaa iwapo BIOS yake (programu ndogo inayouwasha ubao) imesasishwa. Ryzen 5 3400G ina picha za ndani, ilhali Ryzen 5 2600 haina.

Hatua ya pili: ubao mama, na pini moja iliyolala

Ubao niliounyakua kwa bei nzuri miaka kadhaa iliyopita ulikuwa msafi, hauna kutu, na muuzaji aliuwasha mbele yangu ukatoa picha. Nyumbani niliweka vipande viwili vya RAM vya GB 8 kila kimoja, na kompyuta ikasoma GB 8. Nilibadilisha vipande, nikabadilisha sloti, nikavilaumu vipande hivyo siku mbili nzima, kumbe kosa lilikuwa ndani ya soketi: pini moja, nyembamba kama unywele, ilikuwa imelala ubavu, na pini hiyo ilikuwa njia ya mawasiliano kati ya prosesa na nusu ya sloti za RAM. Muuzaji alikataa kuupokea, akidai kwamba nimeipinda mwenyewe, nami sikuwa na ushahidi wowote.

Tangu siku hiyo sinunui ubao wa Intel bila kufunua soketi. Washa tochi ya simu, ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya pini kwa mshazari badala ya kuzipiga kutoka juu, kisha uuzungushe ubao taratibu. Pini zilizonyooka humeta zote kwa pamoja, safu kwa safu, kama mabati ya nyumba mpya. Iliyopinda itaonekana kama kitone cheusi au kitone kinachometa wakati wenzake wamezima. Piga picha ya soketi hiyo ukiwa bado dukani, mbele ya muuzaji. Katika AM4 pini zipo kwenye prosesa, kwa hiyo huko unakagua prosesa, si ubao.

Baada ya soketi, angalia kapasita zote ziwe na vichwa bapa, visivyovimba wala kuvuja. Geuza ubao utazame kama kuna sehemu iliyochomwa upya kwa risasi. Kisha omba uwashwe ukiwa na RAM katika sloti zote, si katika moja tu, na uingie BIOS kusoma jumla. Ukikuta BIOS imefungwa kwa nenosiri, uache.

Neno kuhusu mawinga, yaani wale vijana wanaokupokea barabarani na kukupeleka katika duka lisilo lao. Si maadui, na wapo wanaojua soko kuliko mimi. Lakini faida yao imo ndani ya bei utakayolipa, na kipuri kikigoma kesho, mtu wa kumrudia ni mwenye duka. Dai risiti ya EFD kutoka kwake, yenye jina la kipuri, na mwombe aandike kwa mkono idadi ya siku za majaribio.

Hatua ya tatu: RAM

Prosesa za kizazi cha nane katika bodi hizi hutumia RAM ya aina ya DDR4, na vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba na picha za ndani za prosesa hufaidika sana na jambo hilo. Bodi za H310 na B360 zinaishia kasi ya 2666, hivyo usiongeze fedha kwa ajili ya RAM ya 3200. Itateremshwa hadi 2666.

Soma lebo ya kila kipande. RAM ya kompyuta ya mezani huandikwa kwa mfano PC4-2666V-U, na herufi hiyo ya U ndiyo unayoitafuta. Ukikuta R mahali pake, hiyo ni RAM ya seva. Huuzwa kwa bei ya kuvutia, ina urefu uleule na inaingia katika sloti ileile, ila bodi ya kawaida haitawaka nayo. S ni ya kompyuta mpakato, ambayo ni fupi na haitaingia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mashine za akili mnemba, na hali hiyo imeifanya RAM ya mtumba iwe ununuzi wa busara zaidi kuliko ilivyokuwa.

Hatua ya nne: vitu vipya

SSD ya GB 500 inatosha kuanzia. Ya SATA, inayounganishwa kwa njia ya zamani, husoma karibu MB 550 kwa sekunde; ya NVMe, yenye njia ya kasi zaidi, ya daraja la PCIe 3.0 hufika takriban MB 3,500, lakini kwa kazi za kila siku tofauti hiyo huonekana kidogo sana kuliko tofauti kati ya SSD yoyote na diski ya zamani inayozunguka. Kama ubao una sloti ya M.2 (ile ya SSD zenye umbo la kijiti), hakikisha inapokea NVMe, kwani baadhi hupokea SATA tu. Jihadhari na SSD isiyo na jina yenye ukubwa wa kushangaza kwa bei ya kushangaza: zipo zilizodanganywa ndani ili zijitangaze kuwa kubwa, na zikijaa kiasi chake halisi huanza kufuta zilichokwisha kuhifadhi. Programu ya H2testw huijaza diski nzima na kusoma tena kila ilichoandika, na uongo hujulikana. Diski ya mtumba inayozunguka inafaa kwa kuhifadhia nakala tu, baada ya kuipima kwa CrystalDiskInfo na kuona kwamba mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu zilizoharibika au zinazoshukiwa, yote ina sifuri.

Kuhusu pawasaplai siwezi kusisitiza vya kutosha. Mashine tunayoiunda, pamoja na kadi ya picha ya wati 75, haifiki wati 250 hata ikifanya kazi kwa bidii, kwa hiyo pawasaplai ya wati 450 ya kweli inatosha na kubaki. Neno la muhimu hapo ni "ya kweli". Sokoni zimejaa zilizoandikwa wati 500 au 600 ambazo ukizishika ni nyepesi kama boksi la viatu, waya zake ni nyembamba, na hazina alama ya 80 Plus (inayothibitisha ufanisi wa umeme). Chukua ya kampuni inayojulikana, yenye alama hiyo, hata kama namba ya wati ni ndogo. Ukilazimika kutumia ya zamani, tazama nyuma kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Iliyotoka Marekani inaweza kuwa imeachwa kwenye 115, na ukiichomeka hapa kwetu utasikia mlipuko.

Feni ya prosesa nunua mpya pamoja na pesti. Ile iliyotoka kwenye mashine ya ofisini mara nyingi hufungwa kwa skrubu zinazoshika kwenye kasha la mashine hiyo, na haitakaa vizuri kwenye ubao wa kawaida. Kasha lenyewe liwe la mtumba bila wasiwasi, mradi lina nafasi ya feni mbele na nyuma, vumbi linasafishika.

Kadi ya picha iache hadi utakapoihitaji. GTX 1050 Ti na GTX 1650 hutosheka na wati 75 zinazotolewa na sloti ya kadi kwenye ubao, isipokuwa baadhi ya matoleo yenye tundu la waya wa ziada. Kadi kama RX 570 na RX 580 nikiziona kwa bei ya chini huwa nauliza historia yake mara mbili, kwani nyingi zilitumika mchana na usiku kuchimba sarafu za kidijitali hadi Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022.

Hatua ya tano: kuunganisha nje ya kasha

Usiharakishe kufunga kitu ndani ya kasha. Laza ubao mama juu ya boksi la karatasi, si juu ya mfuko wake wa rangi ya fedha, kwa sababu upande wa nje wa mfuko huo unaweza kupitisha umeme. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika vipuri. Hewa ya pwani yenye unyevu hupunguza umeme tuli, lakini chumba chenye kiyoyozi na zulia ni habari nyingine.

Fungua mkono mdogo wa chuma wa soketi, linganisha pembetatu iliyo kwenye kona ya prosesa na ile ya soketi, kisha iteremshe prosesa wima na uiachie, haihitaji kukandamizwa. Unapofunga mkono ule utahitaji nguvu kiasi na utasikia mlio wa kukwaruza unaotisha. Huo ni wa kawaida. Futa mgongo wa prosesa kwa kitambaa chenye spiriti, weka tone la pesti lenye ukubwa kati ya choroko na mbaazi katikati, na usilitandaze, kwa kuwa feni italisambaza yenyewe. Kama feni ina pesti yake iliyopakwa kiwandani, usiongeze nyingine. Miguu minne ya feni ya Intel ibonyezwe kwa kukingama, wa kona hii na wa kona iliyo mkabala nayo, hadi kila mmoja utoe mlio wa "tak". Kisha inua ubao utazame kwa chini kama yote imetokeza. Mguu mmoja usioshika ndio chanzo cha kawaida cha mashine mpya inayozima yenyewe kila baada ya dakika kumi.

Anayeng'oa feni kwenye AM4 ya zamani aiwashe kwanza mashine kwa dakika chache ili pesti ilainike, aizime na kuchomoa umeme, kisha aizungushe feni kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua, la sivyo prosesa itang'oka nayo na pini zake zitapinda.

Chomeka RAM, katika bodi ya sloti nne ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Unganisha waya mkubwa wa pini 24 na ule wa pini 4 au 8 ulio karibu na prosesa. Huu wa pili husahaulika mara nyingi, na dalili yake ni feni kuzunguka bila picha. Usiuchanganye na ule wa kadi ya picha unaogawanyika sita na mbili. Wa prosesa hugawanyika nne na nne.

Unganisha kioo kwenye tundu la HDMI la ubao, washa pawasaplai, kisha kwa ncha ya bisibisi gusa kwa sekunde moja pini mbili zilizoandikwa PWR SW. Feni zitazunguka, na baada ya muda mfupi picha itatokea. Isipotokea, zima, acha kipande kimoja cha RAM, futa meno yake kwa spiriti, jaribu sloti nyingine. Ikishindikana, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache ili mipangilio ya zamani ifutike, na ukiwa hapo iweke mpya. Vioo vingi vya mtumba vina VGA peke yake, hivyo nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kabla hujaanza kushuku ubao usio na kosa.

Hatua ya sita: ndani ya kasha

Kabla ya kuteremsha ubao, hesabu nguzo ndogo za shaba zilizo ndani ya kasha na uzilinganishe na matundu ya ubao. Nguzo iliyozidi, isiyo na tundu juu yake, itagusa njia za umeme na kusababisha shoti. Bati la nyuma lenye matundu ya USB na HDMI liingie kwanza, kisha ubao. Waya nyembamba za swichi na taa za mbele ni kazi ya uvumilivu na tochi. Ya swichi haijali upande, za taa zinajali. Feni ya mbele ivute hewa kuingia, ya nyuma iitoe.

Hatua ya saba: BIOS, programu na majaribio

Katika BIOS thibitisha kwamba RAM yote inaonekana na inafanya kazi kwa jozi, SSD imetambuliwa, na joto la prosesa halipandi mfululizo wakati mashine imetulia. Washa kipengele cha usalama kiitwacho PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, na uweke UEFI pamoja na Secure Boot, kwa kuwa Windows 11 inavidai. Windows ipakuliwe kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe kwenye flashi isiyopungua GB 8. Ile flashi ya fundi yenye Windows iliyokwisha "kufunguliwa" siiamini, kwa sababu hujui ni nini kingine kilichofunguliwa humo. Asiyetaka kulipia leseni, Linux Mint au Ubuntu zitamfaa kwa kazi nyingi.

Halafu ipime. Acha programu ya kupima RAM iitwayo MemTest86 ifanye kazi usiku kucha; kosa hata moja linatosha kuirudisha RAM dukani. Siku inayofuata itwishe prosesa mzigo kwa nusu saa kwa Prime95 huku ukitazama joto. Likivuka nyuzi 85 na kuendelea kupanda, rudi kwenye miguu ya feni na pesti. Jaribu kila tundu la USB, la sauti na la mtandao.

UPS, yaani betri inayoishika mashine umeme ukikatika, inunuliwe mpya, au ya mtumba yenye betri mpya. Namba ya VA si wati: ya VA 650 mara nyingi hutoa kati ya wati 360 na 390, inayotosha mashine hii na kioo kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.

Yote haya lazima yakamilike ndani ya siku za majaribio zilizoandikwa kwenye risiti, na ndiyo sababu hununua vipuri Jumatatu au Jumanne. Mashine iliyonunuliwa Jumamosi jioni huanza kupimwa Jumapili, maduka mengi yakiwa yamefungwa, na siku tatu ulizopewa zinakuwa mbili kabla hujapata wa kumpigia simu.